Afya na furaha yako ni jukumu lako: kwa vitendo, mtu anaanzia wapi?

Pambazuko (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kila kona unasikia "afya yako ni jukumu lako", "furaha yako usimwachie mtu". Sina ubishi na hilo. Shida ni kwamba maneno huishia hapohapo. Mtu akishakubali, kesho akiamka afanye nini? Aanze na lipi? Na atajuaje kwamba linamsaidia?

Tuchukue mfano wa mtu wa miaka 40 hivi, kazi yake ya kukaa. Amepimwa presha mara moja ikasoma 148/92, akaambiwa "jiangalie". Hupanda kitandani saa 5 usiku na kuamka saa 12 asubuhi, ila katikati hukesha macho saa nzima au zaidi. Haumwi mahali, lakini hamu imepungua: yanayompasa anayafanya, raha haipati. Ameshajaribu kubadili kila kitu kwa mkupuo (chakula, mazoezi, kulala) mara 3, na mara zote 3 ameacha kabla ya siku ya 10.

Naomba wanaoyajua haya mambo wanijibu:

1. Kipi hasa kimo mikononi mwa mtu, na kipi hakimo?
2. Apime nini, kwa namna gani, mara ngapi?
3. Furaha haiji kwa amri. Jukumu lake linabebwaje?

Tafadhali tusijibu kwa "kula vizuri, fanya mazoezi, kunywa maji". Hayo tumeyasikia sana.

---

Mizani

Mleta mada, swali lako la kwanza ndilo linalobeba mengine, nianze nalo.

Presha, uzito, usingizi na furaha ni matokeo. Hakuna anayeweza kuamua kwamba kesho presha yake iwe 120/80. Anachoweza kuamua ni kitendo: kumeza dawa saa 1 asubuhi, kutembea dakika 20, kuzima simu saa 4 usiku, kwenda kumwona daktari. Kati ya kitendo na matokeo pana umri, urithi, kazi, homoni na mengine ambayo hakuyachagua. Ukijitwisha matokeo, siku yakigoma unajihesabu umeshindwa, kisha unaacha hata kitendo kilichokuwa sahihi. Huyo mtu wako wa siku ya 10 huenda amenaswa hapo. Uzito wa mwili unaweza kupanda na kushuka kilo 1 hadi 2 kwa sababu ya maji tu, na presha hubadilika saa hadi saa. Ndani ya siku 10, mabadiliko ya kweli hata yakiwepo yanafunikwa na mawimbi hayo. Vitendo vihesabiwe kila siku; matokeo yasomwe kwa wastani wa wiki.

Sasa hiyo 148/92. Kipimo cha mara moja hakitoshi kusema mtu ana ugonjwa wa presha, na hakitoshi kumwambia aondoke zake. Watu wengi presha yao hupanda wakiwa mbele ya mhudumu, na wapo ambao hospitalini iko sawa huku nyumbani iko juu. Dawa ya utata huo ni kupima nyumbani kwa siku 7 kwa utaratibu huu:

- Tumia mashine ya kufunga juu ya kiwiko. Pima kwanza mzingo wa mkono, katikati ya bega na kiwiko, kwa utepe wa fundi cherehani, kisha linganisha na sentimita zilizoandikwa kwenye mkanda wa mashine. Mikanda mingi ya kawaida ni ya sm 22 hadi 32. Mkono mnene kwenye mkanda mdogo husoma juu kuliko ukweli, na kosa linaweza kuzidi 10.
- Dakika 30 kabla: hakuna kahawa, chai, sigara wala mazoezi. Nenda haja ndogo kwanza.
- Kaa kimya dakika 5. Mgongo uegemee, nyayo zote 2 zikae sakafuni, miguu isipishane. Mkono ulale juu ya meza, mkanda uwe usawa wa moyo, ukingo wake wa chini ukiwa sm 2 hivi juu ya kunjo la kiwiko, juu ya ngozi tupu. Mkono ukining'inia chini ya moyo kwa sm 10, namba hupanda kwa 7 au 8 bure.
- Usiongee. Mazungumzo peke yake yanaweza kuongeza 10 kwenye namba ya juu.
- Pima mara 2, zikiachana dakika 1. Asubuhi kabla ya dawa na kabla ya kula, tena jioni.

Siku ya kwanza pima mikono yote miwili. Unaosoma juu zaidi ndio utakaoutumia siku zote. Mwisho wa wiki utakuwa na vipimo 28. Futa 4 vya siku ya kwanza, kwa sababu siku hiyo mtu huwa na wasiwasi wa mashine, kisha tafuta wastani wa 24 vilivyobaki. Wastani ukifika 135/85 au zaidi, peleka karatasi kwa daktari. Kumbuka kwamba kiwango cha nyumbani kiko chini kidogo ya 140/90 ya kliniki. Wengi huchanganya hapo na kujipa afueni isiyo yao.

Ikisoma 180/120 au zaidi, tulia dakika 5 urudie. Ikibaki hapo huku kuna maumivu ya kifua, kukosa pumzi, udhaifu wa upande mmoja, ulimi mzito, macho kupoteza nuru ghafla au kuchanganyikiwa, hiyo ni dharura: hospitali sasa hivi. Ikibaki hapo bila dalili hizo, wasiliana na daktari siku hiyohiyo.

Kabla hujakimbilia mambo makubwa, tazama vitu vinavyopandisha presha kimyakimya. Dawa za maumivu za jamii ya ibuprofen na diclofenac ni mfano mmoja, na mtu anaweza kuzimeza kila siku kwa ajili ya mgongo bila kumwambia daktari. Baadhi ya dawa za kuzibua pua ni mfano mwingine. Pombe pia. Chumvi: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifike gramu 5 kwa siku, yaani takriban kijiko 1 cha chai, *pamoja na* ile iliyokwisha kutiwa kwenye vyakula vya pakiti. Kibandiko kikiandika sodiamu badala ya chumvi, zidisha kwa 2.5: sodiamu gramu 0.6 ni chumvi gramu 1.5. Chumvi mbadala yenye potasiamu inawasaidia wengi, lakini mwenye tatizo la figo, au anayetumia baadhi ya dawa za presha, asiiguse kabla ya kumuuliza daktari. Potasiamu ikizidi mwilini huvuruga mapigo ya moyo.

---

Kijani_Kibichi

Mkuu Mizani, mashine za kifundo cha mkono je? Zinabebeka kirahisi.

---

Mizani

Zinabebeka, ndiyo, lakini kifundo hakikai usawa wa moyo chenyewe. Kikiwa mapajani namba inapanda, kikiwa juu ya kifua inashuka, na mtu hagundui. Itumie tu ikiwa mkono wa juu haupati mkanda wa kuutosha, na ukipima kifundo kiwe usawa wa moyo, kimeegemezwa. Jambo jingine: mwenye mapigo yasiyo na mpangilio asitegemee mashine ya nyumbani peke yake, maana nyingi hukosea kwa mapigo ya aina hiyo. Mashine ikionyesha alama ya mapigo hayo mara kwa mara, hilo nalo liandikwe kwenye karatasi ya daktari.

---

Usiku_Mwema

Naomba nichukue usingizi, maana hapo ndipo jitihada nyingi huzidisha tatizo.

Saa 5 usiku hadi saa 12 asubuhi ni saa 7 kitandani, yaani dakika 420. Akikesha dakika 75, amelala 345. Gawanya: asilimia 82. Watu wengi katika hali hii hujiongezea muda: wanapanda kitandani saa 3 usiku "nipate kufidia". Matokeo yake ni muda mrefu zaidi wa kukesha, na kitanda kinageuka kuwa mahali pa mawazo. Usingizi unajengwa na muda uliokaa macho; ukiutawanya kwenye saa 9 za kulala chali, unakuwa mwepesi na wa vipandevipande.

Njia iliyofanyiwa kazi sana ni kinyume chake. Arthur Spielman na wenzake waliieleza mwaka 1987. Andika shajara ya usingizi siku 7 hadi 14: saa ya kupanda kitandani, makadirio ya dakika za kukesha, saa ya kuamka. Tafuta wastani wa muda unaolala *kweli*. Huo ndio utakuwa muda wako wote kitandani, lakini usishuke chini ya saa 5 na nusu. Kwa mfano wetu ni takriban saa 6: panda saa 6 usiku, amka saa 12 asubuhi, siku zote 7, mapumziko yakiwemo. Muda wa kulala ukifika asilimia 85 ya muda wa kitandani kwa wiki nzima, ongeza dakika 15 upande wa kupanda. Wiki nyingine tena 15. Ukishuka chini ya 80, punguza 15.

Wiki 2 za kwanza mtu husinzia mchana. Hilo linatarajiwa, na ndiyo sababu njia hii haimfai, bila usimamizi wa mtaalamu, mwenye kifafa, mwenye historia ya vipindi vya kuchangamka kupita kiasi vya akili, au anayeendesha gari masafa marefu au mitambo.

Kanuni za kitanda ni za Richard Bootzin, tangu 1972, na bado ndizo: panda ukisinzia, si ukiwa umechoka tu (ni vitu viwili), kitanda ni cha usingizi na tendo la ndoa, ukihisi kama dakika 20 zimepita bila usingizi, inuka, kaa penye mwanga hafifu, fanya kitu cha taratibu, rudi ukisinzia. Saa ya ukutani igeuzwe. Kuitazama saa 8 usiku na kupiga hesabu ya muda uliobaki kunatosha kukumalizia usingizi.

Kafeini: nusu yake hubaki mwilini takriban saa 5 baadaye, kwa wengine zaidi. Kikombe cha saa 10 jioni, saa 3 usiku nusu yake bado iko kazini. Pombe huleta usingizi haraka, halafu huukata nusu ya pili ya usiku, na hapo ndipo huyu wa mfano wako anapoamka.

Jambo la mwisho, nalo ni zito. Presha iliyo juu, usingizi wa kukatika na uchovu wa mchana vikikutana kwa mtu mmoja, muulizeni anayelala naye chumba kimoja: anakoroma? Pumzi husimama, kisha anashtuka kama anayepaliwa? Kukatika kwa pumzi usingizini hupandisha presha, na kanuni zote nilizoandika hapo juu haziutibu ugonjwa huo. Huyo anahitaji kupimwa, na asianze kupunguza muda wa kulala kabla ya hapo.

---

Tulizo

Nije kwenye swali la 3.

Ni kweli furaha haiji kwa amri. Ila ina njia inazopitia, na njia hizo zinaweza kuzibwa au kuzibuliwa. Miaka ya 1970 mwanasaikolojia Peter Lewinsohn alieleza mzunguko huu: mtu anaacha baadhi ya vitu vilivyokuwa vikimpa raha au kumfanya ajione amefanikisha kitu, labda kwa sababu ya kazi, kuhama au msiba, raha ikipungua, hamu nayo inapungua, hamu ikipungua anaacha vingine. Hakuna siku aliyoamua kukosa furaha. Tiba iliyotokana na wazo hilo haianzi kwa kubadili mawazo. Inaanza kwa ratiba.

Wiki ya kwanza usibadilishe chochote. Chora jedwali la siku 7, kila saa na kisanduku chake. Andika ulichofanya, kwa maneno 2 au 3, na alama 2 za 0 hadi 10: R ni raha uliyoipata, K ni kiasi ulichojiona umekamilisha kitu. "Simu, kitandani: R2 K0." "Kupanga kabati: R3 K7." "Kuongea na dada: R7 K2." Jaza kila baada ya saa 2 au 3. Ukisubiri usiku, hisia za jioni zitapaka rangi siku nzima, na jedwali litasema kila kitu kilikuwa 2.

Wiki ikiisha, soma. Mara nyingi mambo 3 yanaonekana. Kwanza, kuna saa zenye R0 K0 ambazo mtu alidhani ni mapumziko. Pili, K zipo nyingi lakini R karibu hakuna. Huyu anawajibika kwa kila mtu isipokuwa yeye, na maelezo ya mleta mada yananuka hivyo. Tatu, kuna kitu kidogo chenye R6 au R7 kilichotokea mara 1 tu.

Hicho cha tatu ndicho cha kuongeza. Chagua vitendo 3, visizidi 5, viandikie siku, saa na mahali. "Nitatembelea marafiki zaidi" hicho si kitendo. "Jumamosi saa 10 jioni nitampigia fulani, dakika 15" hicho ni kitendo. Pembeni andika *kabla* R unayoitarajia, kisha baadaye R uliyoipata. Mtu aliyepungukiwa na hamu hutabiri chini: anaandika R1, anapata R4. Baada ya mara 5 au 6 karatasi yenyewe inamwonyesha kwamba "sijisikii" si kipimo cha kuaminika cha iwapo jambo litamfaa. Hamu, kwa watu wa namna hii, hufuata kitendo, haikitangulii.

Yanayoharibu ni haya. Kuchagua raha ya watu wengine, eti kwa sababu kila mtu anasema kukimbia kunafurahisha. Kuchagua kikubwa mno: ukishindwa kutembea dakika 20, kata iwe 5, na ukishindwa 5, iwe kuvaa viatu na kufika mlangoni. Kufanya huku akili inasaga yaleyale: mwili uko matembezini, kichwa kiko kwenye ugomvi wa juzi. Hapo jilazimishe kutaja sauti 3 unazosikia na vitu 3 unavyoviona, urudi ulipo. Na kujaza ratiba kwa vitu vya peke yako tu. Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika 7 Aprili 1948, ilipoeleza afya ilitaja ustawi wa kimwili, wa kiakili na wa kijamii kwa pamoja. Angalau kitendo 1 kati ya hivyo 3 kiwe na mtu mwingine ndani yake.

Sasa mpaka wake. Kupoteza hamu, au moyo mzito, kwa siku nyingi ndani ya wiki 2 ni dalili za msingi za sonona. Kuna dodoso la maswali 9 linalotumiwa na wahudumu wa afya sehemu nyingi duniani. Alama zake ni 0 hadi 27, na 10 kwenda juu huhitaji tathmini ya mtaalamu. Swali la 9 linauliza mawazo ya kutaka kufa au kujidhuru. Jibu lolote hapo lisilo sifuri, mtu asibaki nalo: amwambie mtu wa karibu na afike kwa mhudumu wa afya siku hiyohiyo. Na mtaalamu mzuri ataagiza vipimo vya damu pia, maana tezi ya thairoidi isiyofanya kazi sawasawa na upungufu wa damu huleta uchovu na kukosa hamu kunakofanana kabisa na sonona. Jedwali halitibu tezi.

---

Nanga

Nimesoma yote, nakubaliana na mengi, lakini kuna jambo naona limepitiwa harakaharaka. Neno "jukumu" likishikwa vibaya linakuwa rungu la kumpigia mgonjwa. "Presha? Hukujitunza." "Huna furaha? Umeamua." Anayefanya kazi za zamu za usiku, anayeuguza mtu nyumbani, anayelala penye kelele hawezi kuambiwa hivyo. Jukumu linamhusu yule aliye na nafasi ya kutenda, kwa kiasi cha nafasi hiyo. Na kuomba msaada ni mojawapo ya vitendo kwenye orodha ya Mizani, tena kiandikwe juu kabisa.

Msaada nao una ufundi wake. Ukienda kwa daktari beba karatasi moja: wastani wa presha wa siku 7, dawa *zote* unazomeza pamoja na za maumivu na za mitishamba, na maswali 3 yasiyozidi hapo, la muhimu likiwa la kwanza, kwa sababu muda huisha. Kabla ya kutoka, rudia kwa maneno yako ulichoelewa: dawa gani, saa ngapi, kwa muda gani, na dalili gani itakurudisha mapema.

Dawa za presha watu huziacha kwa sababu 2. Namba imekuwa nzuri, kwa hiyo "nimepona". Kumbe imekuwa nzuri kwa sababu ya dawa. Au maudhi madogomadogo: amlodipine inaweza kuvimbisha vifundo vya miguu, na dawa za jamii ya enalapril na lisinopril zinaweza kuleta kikohozi kikavu kisichoisha. Yote 2 yana njia mbadala. Kuacha kimyakimya ndiko kunakomnyima daktari nafasi ya kukubadilishia. Za sonona ndiyo kabisa: zikikatwa ghafla huweza kuleta kizunguzungu, usingizi wa mang'amung'amu na hasira, na mtu akadhani ugonjwa umerudi.

Kuhusu siku ya 10. Phillippa Lally na wenzake, London, walifuatilia watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja na tabia 1 aliyoichagua, utafiti ukachapishwa mwaka 2009. Mtu wa katikati alihitaji siku 66 kabla kitendo hakijawa cha kujiendea chenyewe. Makadirio yalianzia siku 18 hadi 254. Tazameni: tabia 1, na siku 66. Huyu wa mfano alijipa tabia 3 au 4 na kutaraji wiki moja. Walikuta pia kwamba kuruka siku 1 hakukuharibu ujenzi wa tabia. Siku iliyorukwa inageuka kuwa mwisho pale mtu anapoipa maana ya "nimeshaharibu".

Kinachosaidia ni mpango wa "ikiwa... basi", ambao Peter Gollwitzer ameuchunguza kwa miaka mingi. Funga kitendo kipya kwenye kitu ambacho tayari hakikosi kutokea: "Nikitoka chooni asubuhi, nakaa kwenye kiti cha presha." "Nikifunga kompyuta ya kazi, navaa viatu." Kisha andika na kizuizi: "Ikinyesha, natembea ukumbini dakika 10." Bila sehemu hiyo ya pili, mvua ya kwanza inamaliza mpango.

Kutembea kwenyewe: lengo la mwisho ni dakika 150 kwa wiki, mwendo wa hatua 100 hivi kwa dakika, wa kuweza kuongea lakini si kuimba, na siku 2 za mazoezi ya nguvu kama kusimama na kukaa kitini mara 10 hadi 15 kwa mizunguko 2. Lakini lengo la mwisho si la wiki ya kwanza. Wiki ya kwanza ni dakika 10, na mwenye maumivu ya kifua anapotembea aonane na daktari kabla ya kuanza.

---

Pambazuko

Wakuu, mmenipa zaidi ya nilichoomba. Swali moja linabaki. Hapa kuna kazi 4: presha, usingizi, jedwali la R na K, matembezi. Nanga anasema tabia 1. Ipi?

---

Usiku_Mwema

Kwa maoni yangu, saa ya kuamka. Ikae palepale saa 12 kila siku. Peke yake inanyoosha usingizi kidogo, na inafanya kipimo cha asubuhi kiwe na saa yake.

---

Tulizo

Hapa natofautiana kidogo. Huyu tayari anaamka saa 12. Akiongezewa kupunguza muda wa kitandani wakati hamu iko chini, uchovu wa wiki 2 utamfanya aache vyote. Ningeanza na kitendo 1 chenye R, kifanyike nje, kwenye mwanga wa asubuhi, kwa miguu. Kinagusa hamu, usingizi na presha kwa pamoja. Muda wa kitandani usubiri wiki ya 4.

---

Usiku_Mwema

Nakubali kwa sharti moja: suala la kukoroma lijibiwe kwanza. Likiwepo, lisisubiri wiki ya 4.

---

Mizani

Basi iwe hivi. Siku 7 za kwanza ni kuandika tu: presha asubuhi na jioni, shajara ya usingizi, jedwali la Tulizo. Hakuna kubadili kitu, hata ukitamani. Bila wiki hiyo hutajua kilichosaidia. Wiki ya 2, matembezi ya asubuhi ya dakika 10, hayo tu, na wastani ukiwa 135/85 au zaidi miadi ya daktari iwekwe wiki hiyohiyo. Wiki ya 4, muda wa kitandani, kwa shajara *mpya*. Wiki ya 8 rudia siku 7 za presha kwa utaratibu uleule, mkono uleule, saa zilezile, ulinganishe wastani na wastani.

Na kuna kosa moja ambalo hata wenye mashine nzuri hulifanya: kuona 138, kupima tena na tena hadi itoke 131, kisha kuandika 131. Vipimo ni 2 kila kikao, na vyote 2 vinaandikwa kama vilivyo kwenye kioo, bila kuzungushwa kuwa 130 au 140.

---

Pambazuko

Nimeelewa. Karatasi 3, siku 7, kalamu ikae kando ya mashine. Nitarudi na wastani tu, siyo na kipimo cha siku moja.